Nimempeleka Mama Unguja kwa mara ya kwanza: watu wa mlimani, jifunzeni maji kabla ya kuvuka

Mwana wa Uru (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Moshi, kwetu ni Uru, nina miaka 38, na mpaka Julai iliyopita nilikuwa sijakanyaga kisiwa chochote. Mama yangu ana miaka 69, bahari alikuwa anaiona kwenye kalenda ya ukutani. Kabla ya kusafiri nilisoma sana habari za Zanzibar: wapi pa kulala, wapi pa kula, wapi pa kupiga picha. Hakuna aliyenieleza habari za maji. Kilichonikuta Jambiani kingeweza kunimaliza mbele ya mama yangu, ndiyo maana nawaandikia ndugu zangu wa Moshi na Arusha. Kuweni wavumilivu, nitakifikia.

Tuliondoka stendi ya Moshi alfajiri. Niliulizia treni, siku zake hazikuendana na zetu, tukapanda basi. Mama alibeba kiburu kwenye hotpoti na chupa ya chai, kwa sababu chakula cha njiani hakiamini. Milima ya Upare ikatusindikiza upande wa kushoto, ikaja ya Usambara, na tulipoiacha Korogwe nchi ikaanza kulala. Mama aligeuka kuangalia nyuma mara mbili tatu. Nilimuuliza kama amesahau kitu. Akasema, "Hapana. Naangalia tu kama kuna mlima wowote umebaki."

Dar tulilala kwa dada yangu. Asubuhi tukaenda bandarini, pale jirani na kanisa la Mtakatifu Joseph. Kwa ambao hamjawahi: tiketi ya boti inakatwa kwa kitambulisho, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Boti yenyewe ubavuni imeandikwa KILIMANJARO kwa herufi kubwa. Mama alisimama akaisoma taratibu, akanishika mkono akasema, "Basi twende, hiki ni cha kwetu."

Ndani ya bandari maji ni shwari kama bwawa. Tulipoipita Kigamboni na kutokea bahari kuu, mambo yakabadilika. Julai ni msimu wa kusi, upepo unatoka kusini na bahari inachafuka. Boti inapanda, inakaa juu kidogo, halafu inashuka na tumbo linabaki juu. Mama akanyamaza, uso ukawa wa majivu. Wahudumu walipita na mifuko, wengi waliichukua.

Pembeni yake alikaa mama mmoja wa Unguja, amevaa buibui. Hakuuliza kitu. Alitoa ndimu kwenye pochi, akalikwaruza ganda kwa ukucha, akamsogezea mama puani. "Nusa, mwenzangu. Nusa taratibu. Na usitazame chini, tazama kule mbali maji yanapokutana na mbingu." Wakakaa hivyo, ndimu ikihama kutoka mkono huu kwenda ule, mpaka minara ya mji ilipoonekana. Tangu boti iondoke Dar ni kama saa mbili hivi. Mama hakutapika. Ile ndimu alirudi nayo Uru, imekauka, iko dirishani jikoni.

Mji Mkongwe sitausimulia sana, umesimuliwa vya kutosha. Forodhani jioni tulikula urojo na mkate wa kumimina. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, tuliliona kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Mahali mama alipokaa muda mrefu ni Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873. Nje ya kanisa kuna sanamu za watu waliosimama shimoni, minyororo shingoni. Mama alikaa kwenye ukingo, akafunua mtandio kichwani, akauliza kwa sauti ndogo, "Na hawa, mama zao walijua wamepelekwa wapi?" Mtu wa kumjibu hakuwepo. Tulikaa pale karibu saa nzima.

Nirudi kwenye yanayowahusu. Naendelea hapo chini, simu inaisha chaji.

Kijana wa Sakina

Mkuu tupo hapa tunasubiri. Ukirudi tuambie na gharama, mimi na mke wangu tunapanga Desemba.

Mwana wa Uru

Nimerudi. Gharama kwanza, nimalizane nayo.

Kijana wa Sakina, kosa langu lilikuwa kulipia chumba kwa simu kabla sijafika. Mtu alinitumia picha nzuri, nikamtumia 60,000 ya kushikilia chumba, tulipofika hakuna nyumba ya jina hilo na simu haipatikani. Usitume hela kwa mtu usiyemjua. Nenda, angalia chumba, ndipo ulipe. Julai kuna wageni wengi, lakini tulizunguka Jambiani nusu saa tu tukapata chumba kwa mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni, safi, na neti haina tundu.

Teksi aliyonitajia jamaa pale bandarini ilikuwa bei ya kunikatisha tamaa. Tukapanda gari ya shamba. Hapo mama alichanganyikiwa kidogo, kwa sababu kwetu shamba ni kihamba, migomba na kahawa. Kule "shamba" ni kokote nje ya mji, hata kwenye mchanga mtupu. Dukani akaomba nyanya, akaulizwa, "Unataka tungule?" Viazi ni mbatata, shule ni skuli. Alikuwa anayarudia maneno hayo njia nzima kama mtoto wa darasa la kwanza, na abiria walifurahi sana kumsahihisha. Nauli ya gari ile ukiilinganisha na teksi ni ndogo sana, ila inasimama kila mahali, kwa hiyo usiipande ukiwa na haraka.

Sasa maji.

Tulifika Jambiani saa kumi jioni. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye miguu ya minazi, rangi yake sijui niiteje, kama jani changa la mgomba ukiliangalia dhidi ya jua. Mama alivua viatu, akaingia mpaka kwenye vifundo, akainama, akachota kwa kiganja akaonja. Akatema. Akaonja tena.

Kesho yake saa tatu na nusu asubuhi nikafungua mlango, bahari haipo. Nawaambia kweli, moyo ulinipasuka. Mchanga, majani, vidimbwi, na mawimbi yako mbali kabisa, mstari mweupe tu. Ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe waliokufa. Nilijua shuleni kuwa maji yanajaa na kupwa. Sikujua kuwa yanaondoka namna ile.

Nikaamua kutembea mpaka kule mawimbi yanapopigia, kwenye mwamba. Mama akabaki kivulini. Nilitembea muda mrefu, maji ya kifundo, saa nyingine ya goti. Nikawapita kina mama wamekaa majini wanafunga kitu kwenye kamba, nikawasalimu. Mmoja akaniambia, "Usichelewe huko, baba." Nikaitikia kama mtu anavyoitikia salamu.

Kule mwambani pakavu kabisa. Nilipiga picha, nikaangalia konokono na samaki wadogo kwenye mashimo ya mawe. Saa nne ikapita, saa tano. Mbele yangu mawimbi yalikuwa palepale, kwa hiyo niliamini maji bado yapo nje. Nilipogeuka, ile njia niliyopita mchangani haikuwepo. Kulikuwa na mto, tena unatembea kwa kasi kutoka kulia kwenda kushoto, kati yangu na nchi kavu.

Ndugu zangu, hili ndilo nililotaka mlijue. Sisi mto ukifurika, uwe Karanga au Rau, tunausikia unatoka juu, mawe yanagongana, mtu unakimbia. Pale bahari haikuja kwa mbele. Mwamba umeinuka kama ukuta, na kati ya mwamba na pwani kuna bonde. Maji yanaingilia kwenye milango ya mwamba, yanajaza bonde kwanza, wewe umesimama mahali pa juu pakavu unafurahia, na nyuma umeshafungiwa.

Mimi siogelei. Niliingia. Maji ya paja, ya kiuno, ya kifua. Nilikanyaga mdudu mweusi mwenye miba kama ya nungunungu, miba ikavunjikia kwenye nyayo. Nikasikia sauti: "We baba! Simama hapo hapo! Usije huko, pana mkondo! Pita kwenye mchanga, huku!" Alikuwa yule yule mama wa mwani, umri wa mama yangu. Wenzake walikuwa wanaondoka, yeye alirudi. Alikuwa na kigingi kirefu mkononi, anakichomeka mbele yake, anapima, anapiga hatua, anachomeka tena. Alinifikia, akanishika kifundo cha mkono, na hakukiachia mpaka maji yalipokuwa ya magoti. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ulituona tunafungasha. Ukituona tunafungasha, na wewe fungasha."

Pwani mama alikuwa amesimama, kitenge kimelowa mpaka kiunoni. Alikuwa ameingia kunifuata.

Dada wa Majengo

Jamani, nimesoma huku nimeshika kifua. Pole sana kaka, na mama pia. Miba ilitokaje?

Mwana wa Uru

Asante dada. Walinipaka utomvu wa papai bichi, ikalainika, mingine ikatoka siku ya tatu. Niliweza kutembea.

Mpemba wa Njiro

Assalaam aleykum. Mimi kwetu Wete, nafanya kazi Arusha mwaka wa sita sasa. Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, naomba niongeze, kwa sababu huko bara watu hawafundishwi.

Siku uliyokwenda mwezi ulikuwa mpevu au umeandama, nina hakika hata bila kuniambia. Maji kukauka kabisa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni, hayo ni ya bamvua. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua vinavuta pamoja, maji yanajaa sana na kutoka sana. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Kwa siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila hali kwa saa sita na dakika kadhaa, na kila siku husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo saa uliyoiona leo si ya kesho, na wiki ijayo itakuwa kinyume kabisa. Mgeni akikwambia "asubuhi maji huwa yametoka", muulize asubuhi ya lini.

Ukanda wa mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu, maji huenda mbali kwa sababu mwamba uko mbali na katikati ni kina kifupi. Nungwi na Kendwa hayaendi mbali hivyo, mtu unaoga karibu wakati wowote. Anayekwenda kwa ajili ya kuoga tu achague huko. Lakini ukitaka kuona bahari inafanya kazi, mashariki.

Na kaka, yule bibi alikwambia "usichelewe". Kwetu hilo neno halisemwi kwa adabu tu.

Mwana wa Uru

Waaleykum salaam ndugu yangu. Ni kweli mwezi ulikuwa mpevu, usiku wake mama alikaa nje mpaka saa tano anauangalia juu ya maji. Na kuhusu lile neno, nimekuelewa. Nilimwomba yule bibi radhi siku ile ile.

Sasa niwasimulie siku iliyofuata, maana ndiyo iliyoifanya safari.

Asubuhi mama aliamka kabla yangu. Nimemkuta kwenye ngazi za nyumba anaongea na yule bibi, wameshapatana, anataka kwenda naye pwani. Kule "kwenda pwani" maana yake ni kwenda kwenye mwani. Nilitaka kumkatalia, akaniambia, "Jana ulikwenda peke yako. Mimi nakwenda na mwenyeji."

Tukaenda wote. Shamba la mwani ni vigingi vya miti vimechomekwa mchangani kwa mistari, kati yake kamba za nailoni, na kwenye kamba vipande vya mwani vimefungwa kwa vikamba vidogo wanaviita taitai. Unakata kipande kama cha kiganja, unakiingiza kwenye kitanzi, unakaza, unaruka shubiri moja, unafunga kingine. Mama alikaa majini kitenge kimeelea kumzunguka, akafundishwa mara moja. Kwa miaka mingi amefunga mafungu ya mchicha ya kupeleka soko la Mbuyuni, vidole vinajua fundo. Mwanzo yule bibi alikuwa anakagua kila kipande, baadaye akaacha.

Kilimo hiki si cha zamani kule. Kilianza mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wanaolima wengi ni wanawake. Ukipanda, unavuna kama baada ya wiki sita, unaanika, unauza mkavu. Vingine wanatengenezea sabuni. Kuna aina mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei, lakini maji yakipata joto inakufa. Bibi alivunja tawi moja akampa mama: jeupe, laini, linasagika kati ya vidole. Mama aliligeuzageuza akasema, "Chulebuni." Bibi hakulijua neno hilo. Basi mama akamweleza kahawa yetu, jinsi punje inavyoweka doa jeusi ikiwa bado mbichi kwenye tawi, na unaangalia mazao ya mti mzima yanaondoka huku mbolea umeshanunua kwa mkopo. Bibi akawa anaitikia kwa kichwa tu, "Eee. Eee, mwenzangu. Hivyo hivyo."

Halafu mama akauliza, "Na zamu ya maji mnapangiwa na nani?"

Msiotoka kwetu: Uchagani kuna mifongo, mifereji ya tangu enzi za mababu inayoshusha maji kutoka juu mlimani mpaka kwenye vihamba. Kila ukoo una siku yake, kuna mzee wa mfongo, na asiyefika siku ya kusafisha hutozwa. Mama amelelewa na ratiba hiyo. Ameamka usiku wa manane na koleo na kurunzi kwa sababu zamu yake ni saa nane, na ukilala maji yanapita kwenda kwa jirani.

Bibi akanyoosha kidole juu, mahali mwezi ulipokuwa jana usiku. "Huyo. Na hana jirani wala udugu. Bamvua likija tunakwenda, mtoto anaumwa tunakwenda, kuna harusi tunakwenda. Likipita, tunakaa tunangoja."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu baba afariki. Wakaanza kushindana nani ameamka usiku zaidi.

Ilipokaribia muda wa maji kurudi, bila mtu kusema neno, kina mama wote wakaanza kukusanya kamba na visu. Nilisimama wa kwanza.

Mwalimu Kibosho

Uzi mzuri sana. Naomba msaada wa mambo mawili: mavazi, na je, mtu akienda Ramadhani? Pia kwa nini mtu wa Moshi apite Dar yote hiyo, wakati Segera anakata kushoto anafika Tanga mchana? Pangani kuna bahari hiyo hiyo.

Mwana wa Uru

Mwalimu, shikamoo.

Mavazi: ufukweni mbele ya hoteli wageni wanavaa wanavyotaka, lakini ukiingia kijijini na mjini, mabega na magoti yafunikwe, mwanamume pia. Mama alikuwa na vitenge na mtandio, kila tulipopita aliitwa "bi mkubwa, karibu". Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, na migahawa mingi hufungwa mpaka magharibi. Ukikubali hilo, wenyeji wanasema usiku wake ni mzuri kuliko siku zote.

Kuhusu Tanga, sina ubishi. Ni karibu zaidi, na mwenye mgonjwa au watoto wadogo aanzie huko. Mkivuka kutoka Pangani kuna kisiwa cha Maziwe, ni tuta la mchanga, maji yakijaa sana linafunikwa. Na huko pia lazima uyajue maji. Mimi nilichagua Unguja kwa sababu mama alitaka kufika mahali ambapo ukitazama pande zote hakuna nchi ya kwenda kwa miguu. Hayo ni maneno yake.

Dada wa Majengo

Mama anasemaje sasa hivi huko Uru?

Mwana wa Uru

Anapigiana simu na yule bibi. Mwezi ukiwa mpevu huku juu, mama anatoka nje ya nyumba, anaangalia, anaingia kuomba simu. Wiki iliyopita nilimsikia anauliza, "Yametoka mpaka wapi leo?" Akajibiwa, akaniambia mimi kama vile nimeuliza. Pia amempelekea kilo mbili za kahawa kwa mtu aliyekuwa anavuka, na amepata mwani mkavu ambao mpaka sasa hajaamua aufanyie nini.

Kijana wa Sakina

Nimeghairi Nungwi, mke wangu amesoma hapa anataka Jambiani. Na tunamchukua baba mkwe, mzee wa Ngaramtoni, miaka 72, naye hajawahi kuona bahari. Nifanye nini cha kwanza?

Mwana wa Uru

Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Kama unataka mzee aone maji yanavyoondoka, fika siku moja kabla ya mwezi kuwa mpevu. Desemba mtakuta kaskazi, bahari kwa kawaida ni tulivu kuliko tuliyoikuta sisi, ila beba ndimu. Usimwache aende mwambani bila mwenyeji, na wewe usiende. Mkifika, jambo la kwanza muulize mwenye nyumba maji yanajaa saa ngapi, na kila siku uulize upya. Mnunulie mzee yeboyebo za kufunga nyuma, zile za kuburuza mchanga wa majini unazivua. Za ukubwa wake utazipata soko la Kilombero hapo hapo Arusha, msisubiri kuzitafuta kule.

Namba ya mzee mwenye nyumba nakutumia faragha, ila nimpigie kwanza nimwombe ruhusa.